Milango Saba Ndani ya Ukuta

Kwa miaka thelathini na sita Mama Nesi alikaa ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto ukimaliza ngazi, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyejua kwamba kabla ya kuja kulala ndani ya jengo lile aliwahi kulibeba kichwani.

Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo. Jengo lilikuwa bado mashimo ya msingi na rundo la kokoto, na yeye alikuwa mmoja wa wanawake sita waliochukuliwa vibarua wa kubeba zege. Karai likishajazwa unalipokea kwa mikono miwili, unaliketisha juu ya kata ya kitambaa, unapanda ngazi za mbao bila kutazama chini, unamwaga, unarudi. Yeye alikuwa mwepesi kuliko wenzake wote na hakudondosha zege njiani hata siku moja, basi mafundi wakamwita Karai. "Karai yuko wapi? Mwiteni Karai, huku zege linakauka!" Jina likamkaa kama kanzu ya kupimwa.

Jengo lilipokwisha alidhani wameachana. Miaka miwili baadaye akaolewa na karani wa posta, kijana mpole wa tai na kalamu mfukoni, na kijana huyo akamwambia kwa furaha kwamba amepata nyumba nzuri ya kupanga, ghorofa ya tatu. Bibi harusi alipofikishwa mlangoni akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Walipokuwa peke yao akamweleza mumewe sababu, na mumewe naye akacheka. Mama mkwe ndiye hakucheka.

"Mke wa mwanangu hakubeba zege," alisema, kama mtu anayesoma amri. "Hilo lisisikike tena humu."

Halikusikika tena. Mtoto akazaliwa, msichana, akakua, akasomea uuguzi, na tangu hapo jengo zima likamwita mama yake Mama Nesi. Lilikuwa jina la heshima na alilipenda. Mama mkwe alifariki, na karani naye baadaye akamfuata mama yake, lakini kimya kile kilikuwa kimeshazoea kukaa pale nyumbani, hakikuona sababu ya kuhama. Binti peke yake ndiye aliyejua, na tangu utotoni alikuwa amefundishwa kutosema.

Jengo lenyewe lilikuwa na ghorofa nne za kuishi, zimezunguka ua wa katikati ambako watu walianika nguo na kugombana kwa upole. Chini ya ghorofa hizo, upande wa barabarani, kulikuwa na ukuta mtupu. Hatua arobaini na zaidi za lipu ya kijivu, bila mlango, bila dirisha, vitundu vya hewa tu karibu na dari. Nyuma ya ukuta huo palikuwa ghala la karatasi. Mwenye ghala alihama zamani, akaacha giza na panya. Wapita njia walipofika kwenye ukuta ule waliongeza mwendo bila kujua kwa nini.

Ajabu ni kwamba huko juu watu walikosa pa kufanyia kazi. Mkataba wa pango ulikataza biashara, kwa hiyo kila mtu alifanya yake kwa kujificha. Fundi Cherehani wa ghorofa ya pili alifungulia redio sauti kubwa ili mashine yake isisikike, ingawa msimamizi wa jengo mwenyewe alikuwa akivaa suruali alizomshonea. Mama Mikate wa ghorofa ya nne alioka madirisha yakiwa yamefungwa, na saa kumi na mbili asubuhi ngazi nzima ikawa na njaa. Mwalimu mstaafu alifundisha hesabu ngazini: anayejua zaidi akikaa juu, anayejua kidogo akikaa chini, na kila mtoto akifaulu alipanda kidato kimoja mbele ya wenzake wote.

Mwenye jengo alipofariki, warithi wake walimleta msanifu majengo. Watu walitarajia mwanaume mwenye kofia ngumu. Akaja msichana wa miaka thelathini hivi, viatu vya raba, futi ya kupimia mfukoni, na jambo la kwanza aliloomba lilikuwa chai. Alipita mlango kwa mlango siku kumi. Hakupima kuta kwanza. Aliuliza: Unaamka saa ngapi? Nguo unaanika wapi mvua ikinyesha? Kazi yako unaifanyia wapi?

"Mimi? Sina kazi," alisema Fundi Cherehani, uzi ukiwa umemning'inia begani.

Msanifu akautoa uzi ule taratibu, akaufunga kidoleni. "Basi hii kazi usiyokuwa nayo," alimwambia, "ungependa dirisha lake litazame wapi?"

Fundi akakaa chini, akasema yote.

Mwishoni mwa siku zile kumi Msanifu alikuwa na mchoro. Kazi zote zingeshuka chini, kwenye lile ghala: cherehani, mikate, chumba cha masomo, kinyozi, chumba cha watoto wadogo ambao mama zao wako kazini. Ghorofa za juu zingebaki nyumba, zenye utulivu. Paa lingetiwa kivuli na mabenchi. Na ule ukuta mtupu ungefunguliwa ili mtaa na jengo vionane uso kwa uso. Alipoueleza mchoro huo mlangoni kwa Mama Nesi, mzee huyu alishika fremu ya mlango kwa nguvu. Msanifu alidhani haupendi.

Jumapili moja alasiri wapangaji walikusanyika uani. Msanifu alikuja na Mhandisi, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sura ya mtu aliyezoea kuleta habari asizopenda kuzileta. Mmoja wa warithi alikuwepo pia, akitazama saa kila mara.

"Nitasema ukweli, hata kama hamtaupenda," alianza Mhandisi. "Ukuta ule wa mbele umebeba ghorofa nne. Michoro ya zamani imepotea. Sijui ndani yake mna nondo au mna hewa. Mimi sitoboi nisichokijua, na nyinyi mmelala juu yake."

"Si upime kwa mashine?" aliuliza Mwalimu.

"Ukuta mzima? Miezi. Na nianzie wapi?"

Mrithi akaona hapo ndipo pake. "Miezi hatuna," alisema. "Kama ukuta haufunguki, mradi umekufa. Yupo mtu anayetaka kununua kiwanja. Atavunja lote, ajenge lake."

Mama Mikate alimshika mkono jirani yake. Msanifu alikuwa akitazama mchoro wake kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Mama Nesi alisimama. Aliweka sawa kanga mabegani.

"Ukuta huo una milango," alisema.

Shingo zote zikageuka. Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Milango gani, mama?" aliuliza Mhandisi.

"Saba. Mipana. Imezibwa kwa matofali. Pale palijengwa pawe maduka. Tulikuwa tumeshamwaga linta, karibu zote, ndipo mwenye jengo akapata mwenye ghala, na mwenye ghala akataka ukuta mzima kwa ajili ya wezi. Wakaziba."

Linta ni ile boriti ya zege inayolazwa juu ya mlango ili ibebe uzito wa juu. Kama zilikuwepo kweli, basi ukuta ungeweza kufunguliwa chini yake bila jengo kustuka. Mhandisi alijua hilo upesi kuliko wote, na kwa sababu hiyo akawa makini zaidi.

"Nani alikuambia haya, mama?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kuponyoka. Angesema alisikia kwa marehemu mumewe, na wote wangeamini. Akainua macho. Binti yake alikuwa amekaa kwenye ngazi, bado amevaa sare nyeupe, ametoka zamu. Walitazamana. Nesi hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alimngoja tu, kama anavyowangoja wagonjwa wanaojifunza kutembea.

"Hakuna aliyeniambia," alisema Mama Nesi. "Nimesema tulimwaga. Zege lake nililibeba mimi."

"Wewe? Mama Nesi?" Mama Mikate alishika kidevu.

"Kwa kichwa hiki hiki."

"Mama," Nesi alisema kutoka ngazini, sauti yake ikajaa ua mzima, "waambie walivyokuwa wanakuita."

Mzee akavuta pumzi. Lile jina alikuwa hajalitamka kwa miaka thelathini na sita, akaogopa kidogo kwamba limekufa humo ndani.

"Karai," alisema.

Fundi Cherehani akapiga makofi, na wengine wakafuata, na kicheko kikapanda ghorofa zote nne. Kilikuwa kicheko cha watu waliogundua kwamba jirani yao wa miaka yote amekuwa akiwaficha hazina.

Hawakungoja kesho. Mwalimu alitoa chaki mfukoni, na msafara mzima ukatoka barabarani. Mama Nesi alisimama mwisho wa ukuta, akafumba macho. Zamani, ili asitazame chini akapata kizunguzungu, alikuwa akihesabu hatua juu ya jukwaa la mbao, na hesabu ile ilikuwa imemkaa miguuni. Hatua nne uwazi, hatua mbili ukuta. Hatua nne uwazi, hatua mbili ukuta. Alitembea hivyo hivyo, macho yamefumbwa, Msanifu akimfuata na kuchora mstari kila alipoambiwa "hapa". Magari yalipunguza mwendo kutazama. Alipomaliza, ukuta ulikuwa na milango saba ya chaki.

Mhandisi alichukua nyundo na tindo, akabandua lipu juu ya mlango wa kwanza. Vumbi lilipotulia, wote waliliona: zege gumu, la kijivu cha bluu, limelala toka upande mmoja hadi mwingine, na chini yake mstari ulionyooka ambapo matofali ya kuzibia yalianza. Aligonga. Likalia kama kengele. Akaenda kwenye mlango wa tatu, akabandua, akagonga. Kengele tena.

"Kazi safi," alisema polepole. Halikuwa neno alilolitumia ovyo, ilionekana. "Kazi safi sana. Mama, na nyingine zote ziko hivi?"

"Ziko hivi," alijibu Mama Nesi.

Jibu lilitoka kabla hajalipima. Watu walikuwa wamemzunguka, mrithi alikuwa amesahau saa yake, mtoto wa mtu alikuwa akimshika kanga. Siku ile alikuwa na fahari isiyo na pa kuwekwa. Lakini alipokuwa akipanda ngazi kurudi kwake, kwenye kidato cha pili au cha tatu, alikumbuka linta ya saba, ile ya kona.

Zile sita zilimwagwa kabla uamuzi wa ghala haujafika. Ya saba ilimwagwa baada yake. Saruji ilikuwa imepungua siku hiyo, na fundi mkuu hakutaka kungoja gari. Alichanganya mifuko miwili mahali pa minne, akajazia mchanga. Karai la siku ile lilikuwa jepesi. Shingo yake ilimwambia kabla macho hayajaona. Alitua, akamtazama fundi mkuu. "Unanitazamia nini?" fundi alisema. "Hii inazibwa wiki ijayo. Nani ataiona?" Naye akanyanyua karai lake, akapanda, akamwaga.

Wiki mbili zilipita. Warithi walikubali, vibali vikatoka, Msanifu akawa anapanda ngazi mbili mbili. Jengo liliacha kumwita Mama Nesi, likamwita Mama Karai, na kila alipoitwa aliitika, na kila alipoitika aliikumbuka ile kona. Alijiambia pengine kona haitaguswa. Alijiambia zege huendelea kukomaa. Alijiambia mengi.

Kisha asubuhi moja, akiwa anachuja chai, akasikia sauti za mafundi barabarani. Alichungulia dirishani. Jukwaa lilikuwa limesimamishwa kwenye kona. Mlango wa saba ndio ungekuwa lango kuu la jengo katika mchoro wa Msanifu, na Mhandisi, kwa kuwa alishaona mbili na kupewa neno la zilizobaki, alikuwa ameamua waanze hapo. Mirunda michache, miti ya kuegemeza, ilikuwa imesimamishwa, ya tahadhari tu. Fundi mmoja alikuwa tayari ameinua nyundo kubwa.

Mama Karai alishuka ghorofa tatu na ndala moja. Nyingine ilibaki ghorofa ya pili, ikaokotwa na Fundi Cherehani aliyetoka mbio kuona kuna nini.

"Acheni! Acheni hapo!" Alijipenyeza katikati ya mafundi, akaegemeza mgongo ukutani, mikono ameitandaza. "Hii msiiguse."

"Mama, utaumia, toka," alisema Mhandisi, akija upesi.

"Hii si kama zile. Hii haina saruji. Waliiziba ikiwa mbovu, na matofali ndiyo yanayoishikilia mpaka leo. Mkiyatoa, itashuka."

Mhandisi alisimama. Uso wake ulibadilika taratibu. "Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mbele ya watu wote, mama."

"Uliniuliza, nikakudanganya."

Hakutafuta maneno mengine. Watu walikuwa wamejaa madirishani na barabarani, wale wale waliompigia makofi, na aliwaona wote. Akawaeleza, kwa sauti ile ile aliyosemea habari za karai: mifuko miwili mahali pa minne, fundi mkuu alivyosema, yeye alivyonyanyua akamwaga. "Niliona aibu jengo langu lionekane na kasoro," alisema. "Ndiyo hivyo. Sasa piga nyundo yako ndogo hapo juu, uone mwenyewe."

Mhandisi alipanda jukwaa. Alibandua lipu pana kiasi cha sinia. Halafu hakugonga, alichokonoa kwa kidole. Zege likamwagika kama ugoro, kokoto moja ikadondoka ikabiringika hadi kwenye mguu wa Mama Karai usio na ndala. Nondo iliyoonekana ndani ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imekuwa nyembamba kama kijiti.

Fundi mwenye nyundo kubwa aliitua chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Alikuwa amebakiza pigo moja.

Mhandisi aliwarudisha mafundi wote nyuma, akaagiza mirunda zaidi, akafunga barabara kwa kamba. Hakumwangalia mzee tena asubuhi ile.

Nesi aliporudi kutoka zamu alimkuta mama yake amekaa mezani, chai imepoa mbele yake. Alikuwa ameshasikia yote kabla hajafika ghorofa ya kwanza. Jengo lile lilikuwa na midomo mingi kuliko milango.

"Nimekuaibisha," alisema mama.

"Lini?"

"Leo."

Nesi akavuta kiti. "Nilipokuwa shuleni," alisema, "kila mtoto alikuwa anajisifia baba yake kafanya hiki, baba yake kafanya kile. Mimi nilikuwa nalitazama jengo hili zima tukirudi nyumbani, nakaa kimya, maana mlinikataza. Unajua nilivyokuwa nawashwa ulimi? Sasa mama yangu alilibeba, na leo amelizuia lisianguke. Hiyo aibu mpe mwingine, mimi sina pa kuiweka."

Mama alitaka kujibu, lakini mlango ulibishwa. Alikuwa Mhandisi, vumbi mpaka kwenye kope. Alikaribishwa, akakaa ukingoni mwa kochi, akapewa chai, akaimaliza yote kabla hajasema kitu.

"Nina hasira na wewe," alisema hatimaye.

"Ni haki yako."

"Na mimi pia nina hasira na nafsi yangu. Niliona mbili nikaamini saba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi hivyo." Alikizungusha kikombe mikononi. "Miaka thelathini nakagua majengo. Kila mtu huniambia lake ni zima. Mwenye jengo, fundi, dalali, wote. Hakuna aliyewahi kunikimbilia na ndala moja kuniambia hapa ni pabovu." Akasimama. "Kesho saa mbili asubuhi nakutaka chini. Nataka kujua kila nguzo ilimwagwa siku gani, nani alichanganya, mvua ilinyesha wapi. Na uvae viatu vya maana, mama. Saiti yangu hairuhusu ndala, hata zikiwa mbili."

Tangu siku hiyo Mama Karai alivaa kofia ngumu ya njano na kutembea jengo zima, kutoka tangi la maji la juu hadi msingi, Mhandisi upande mmoja na Msanifu upande mwingine akiandika. Kuna alichokumbuka vizuri na kuna alichokumbuka vibaya. Aliapa kwamba chini ya ngazi mna bomba, wakachimba, hapakuwa na bomba. Alisema nguzo ya nyuma ilimwagwa siku ya mvua kubwa, wakaipima, ikakutwa na unyevu ndani, wakaitibu mapema. Kila jambo lilipimwa kabla ya kuaminiwa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Pimeni."

Kwenye kona iliwekwa boriti ya chuma. Ililetwa kwa gari refu, ikapandishwa kwa minyororo, inchi kwa inchi, na mafundi kumi na mmoja wakishusha pumzi kwa pamoja ilipokaa. Zege la kuifunika lilipandishwa na mashine ya kuvuta ndoo kwa kamba. Mama Karai aliitazama mashine ile kama mke mkubwa anavyomtazama mke mdogo. "Inamwaga njiani," alisema, na ni kweli, ilimwaga.

Milango ilifunguliwa mmoja mmoja, ikachukua miezi mitano. Tofali la kwanza lilipotoka, mwanga uliingia kwenye ghala kwa mara ya kwanza tangu lizibwe, mstari mwembamba wenye vumbi linalocheza, na panya wakahama siku hiyo hiyo bila kupewa notisi.

Leo ukipita barabara ile huongezi mwendo. Mlango wa kwanza ni wa Mama Mikate, na foleni yake hufika mlango wa pili, ambako kinyozi amejifunza kuishi kwa wale waliochoka kungoja mkate. Wa tatu ni Fundi Cherehani. Redio yake bado iko juu. Anasema mashine imeshaizoea. Wa nne ni chumba cha masomo. Msanifu alimwekea Mwalimu viti na meza nzuri, na Mwalimu akaomba kitu kimoja zaidi: kwenye ukuta wa nyuma ajengewe vidato sita vya mbao, visivyoelekea popote. Watoto hupanda na kushuka humo kwa hesabu zao. Wa tano ni wa watoto wadogo, na mama zao wakiwa juu husikia vilio na kutambua kila mmoja ni wa nani. Wa sita bado watu wanaugombania, mkutano kila mwezi, na hakuna dalili ya kuafikiana.

Wa saba ndio lango. Pana, refu, boriti yake ya chuma imepakwa rangi nyekundu na haikufichwa. Warithi walitaka ifunikwe kwa mbao za urembo. Mama Karai alikataa, na Mhandisi akasimama nyuma yake, na Msanifu akasimama nyuma ya Mhandisi, mrithi akaona foleni imekuwa ndefu akanyamaza.

Watu walianza kuja kuangalia. Kwanza majirani wa mitaa ya karibu, halafu wanafunzi wa ujenzi, daftari mkononi. Mama Karai aliwapitisha yeye mwenyewe. Aliwagongesha linta ya tatu wasikie inavyolia. Kisha aliwafikisha kwenye kona na kuwaeleza habari ya mifuko miwili mahali pa minne, bila kupunguza chochote, hata sehemu ya uongo wake. Baadhi ya wapangaji walimwambia hiyo sehemu si lazima. "Ndiyo wanayoikumbuka," aliwajibu.

Jumamosi moja, asubuhi, alikuwa langoni akigombana na muuza maua kuhusu mahali pa kuweka ndoo, walipofika mwanaume na mwanamke wa makamo, wamevaa kama watu waendao ofisini kuomba kitu.

"Tunamtafuta Mama Karai," alisema mwanamke.

"Mmeshampata."

Walitoka mtaa wa upande wa pili wa mji. Walikuwa wapangaji wa jengo la zamani, ghorofa tano, nalo limeambiwa halina michoro, halijulikani, livunjwe. Walisema yote hayo kwa haraka, wakipokezana, kama walioogopa kukatizwa.

Aliwasikiliza mpaka mwisho. "Hilo sikulibeba mimi," alisema.

Nyuso zao zikashuka.

"Mimi nilikomea hapa. Lakini wenzangu wawili walienda huko baada ya kazi hii, na mmoja yu hai. Anauza mkaa nyuma ya hospitali, na ukimwuliza alifanya nini ujanani atakwambia hakufanya kitu." Alimkabidhi muuza maua ndoo yake, akafunga kanga vizuri kiunoni. "Hatasema kwenu. Kwangu atasema. Nifuateni."

Akashika njia mbele yao, mgongo umenyooka, shingo wima kama aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika, na wale wawili, ingawa walikuwa wadogo kwake kwa miaka kumi, ikabidi wakimbie kidogo ili wasiachwe.